Jina Tamu la Binti

Juma lililopita alinijia mpwa wangu asubuhi, kabla hata sijamaliza chai. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza, na siku ya saba ya kumpa jina ilikuwa inakaribia. Baada ya shikamoo na marahaba akatoa mfukoni karatasi yenye majina 11. "Mjomba," akasema, "nataka jina tamu, ambalo mtaa mzima hakuna mwingine analo. Nisaidie kuchagua."

Nikamwambia anisomee kwa sauti. La kwanza alilisoma vizuri. La pili alilirudia mara mbili. La tatu lilimshinda kabisa, tukacheka wote wawili. Nikamwuliza maana yake. "Maana siijui, mjomba, lakini linasikika vizuri."

Simlaumu. Kila mzazi hupenda mwanawe ajulikane kwa jina lake, asiwe wa nne katika darasa lenye akina Neema watatu. Wala kutoka mbali si kosa la jina. Asha, Fatuma na Hadija yametoka Uarabuni. Maria na Anna yameletwa na wamisionari. Yote yalikuwa mageni siku moja, yakakaribishwa, yakavishwa nguo za hapa: Khadija akawa Hadija, Ruqayya akawa Rukia, Elizabeth akawa Elizabeti. Swali langu ni jingine: utamu wa jina uko wapi, na unaonjwa na nani?

Tuanze na sauti. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana mama husimama mlangoni akaita "Halima!" na sauti ikafika mwisho wa uchochoro. Ile "li" hubeba nguvu, na "a" ya mwisho huvutwa apendavyo mwitaji. Sauti kama l, m, n na w ni laini mdomoni. Sikiliza Salama, Naima, Zuwena, Lulu. Jina linaloishia na konsonanti mtaa utaliongezea irabu upende usipende: Grace atakuwa Gresi, na Ruth atakuwa Ruthi. Na jina lenye l na r zilizokaribiana ni mtihani, maana ziko lugha zetu ambazo hazitenganishi sauti hizo mbili. Utampa mtoto jina moja, naye ataitikia manne.

Tuje kwenye maana. Wazee wetu waliyafanya majina kuwa kumbukumbu. Chausiku alizaliwa usiku, Mwajuma alizaliwa Ijumaa. Kwa Wasukuma, Kabula alikuja na mvua. Kwa Wajaluo, Akinyi ni wa asubuhi na Atieno ni wa usiku. Kwa Wanyakyusa, Atupele ni kusema kwamba Mungu ametupa. Kumbe ukimwita mtu unasoma habari zake.

Lakini si kila habari ni njema. Wapo akina Shida, Mashaka na Sikudhani. Dada yangu mwenyewe, mama wa huyu mpwa wangu, anaitwa Tabu. Alizaliwa mwaka wa njaa, baba akiwa mgonjwa, na mama yetu akayaweka yote hayo katika jina la mtoto. Mama aliyasahau machungu yale, dada yangu hakuyasahau. Mwalimu alipoita majina asubuhi, wenzake walicheka kila siku kana kwamba wamelisikia kwa mara ya kwanza. Jina lilikuwa kilio cha mama, lakini aliyeitikia alikuwa binti.

Historia yetu inao mfano mkubwa zaidi. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Baadaye akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliandika wa Siti, na Mtumwa likabaki kuwa jina la kuelezea alikotoka.

Hata hivyo tusiifanye maana kuwa hakimu pekee. Cecilia linatokana na neno la Kilatini la kipofu, na Claudia linatokana na neno la kiwete. Mbona akina Cecilia wanaona, na akina Claudia wanakwenda zao mbio sokoni? Ni kwa sababu hapa kwetu hakuna asikiaye Kilatini ndani yake. Maana inayouma ni ile inayosikika katika lugha ya wanaoita. Basi kabla hujachukua jina la mbali, uliza maana yake kwa mtu wa lugha hiyo, kisha ulitamke mbele ya watu wa lugha zinazokuzunguka. Wakicheka, umeokoka mapema.

Kuna jambo jingine ambalo mpwa wangu hakulifikiria. Mtoto wa kwanza huwapa jina wazazi wake. Tangu siku ile mkewe ataitwa Mama Fulani, dukani, zahanati na msibani, na yeye ataitwa Baba Fulani. Karatasi ile ya majina 11 ilikuwa inawachagulia majina watu watatu.

Na kuna suala la somo. Huku pwani mwenye jina kama lako ni somo yako, na mara nyingi mtoto huwa somo ya bibi yake. Jina lisilo na mwingine halina somo. Hiyo ndiyo bei ya upekee, na mzazi ailipe akijua.

Mwisho ni maandishi. Sheria ya Tanzania Bara inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90. Herufi utakazoziacha kwenye cheti cha kuzaliwa ndizo zitakazodaiwa shuleni, benki na kwenye pasipoti. Jina la ajabu liandike mwenyewe kwa herufi kubwa, umpe karani, kisha ukisome cheti kabla hujatoka mlangoni. Herufi moja iliyopotea hutafutwa kwa viapo na nauli.

Nilimshauri mpwa wangu akamwulize mama yake. Akashangaa: "Mama anataka mjukuu aitwe Tabu, awe somo yake." Tukaenda pamoja. Dada yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Somo nampenda, lakini Tabu iishie kwangu." Akataja majina ya wanawake wa ujanani mwake: Johari, Waridi, Shamsa, Zuhura, Asumini. Majina hayo hayakuwamo kwenye ile karatasi, na mtaani kwao hakuna mtoto hata mmoja anayeitwa hivyo siku hizi.

Mkwe wetu, aliyekuwa kimya akinyonyesha, aliyajaribu moja moja kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye Asumini alirudia mara ya pili, bila kukwama. Ni ua jeupe lenye harufu nzuri, na kila mmoja mle chumbani alilijua.

Ndugu msikilizaji, ukitafuta jina tamu ambalo halijazoeleka, usianzie mbali. Waulize kwanza bibi zako waliitana nani. Huenda jina lenyewe limekaa miaka 50 likingoja kuitwa tena. Kisha simama uani, uliite kwa sauti mara tatu. Likikutoka vizuri, mpe mtoto.