Jarida la Wanafunzi kama Mlango wa Fasihi: Swali la Lugha katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi andishi ya Afrika Mashariki huelezwa mara nyingi kwa kutaja vitabu na wachapishaji wake. Hata hivyo, sehemu ya historia hiyo ilianzia mahali padogo zaidi: katika vyumba ambamo wanafunzi wa chuo walikusanya miswada ya wenzao, wakaisoma, wakabishana juu yake, na kuchagua michache ya kuchapwa. Mhadhara huu unahusu majarida hayo ya wanafunzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hoja yake kuu ni kwamba jarida la wanafunzi lilikuwa mlango wa kuingilia katika uandishi, na kwamba lugha ya jarida ilichangia sana kuamua nani apite na nani abaki nje.

Swali hili haliwahusu watu wa Makerere na Dar es Salaam peke yao. Mfano wa kufikirika wa mwanafunzi atokaye Nyashimo, mji ulio makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, utasaidia kulifafanua. Nyumbani mwanafunzi huyo huongea Kisukuma. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Afikapo sekondari hukabidhiwa Kiingereza kuwa lugha ya masomo. Insha yake ya kwanza aliitunga kwa Kiswahili. Siku atakapoalikwa kupeleka hadithi kwenye jarida la chuo, lugha ya jarida hilo itamwambia, kabla mhariri hajatamka neno, kama miaka yake ya kutunga ina thamani au la.

2.0 Penpoint na Mkutano wa 1962

Jarida la Penpoint lilianzishwa mwaka 1958 katika Chuo cha Makerere, Kampala, chini ya Idara ya Kiingereza. Lilikuwa jarida dogo, lakini athari zake zilikuwa kubwa. Mwaka 1965 David Cook, mwalimu katika idara hiyo, alihariri diwani ya Origin East Africa iliyotokana na maandishi ya Makerere, na kwa njia hiyo kazi za wanafunzi zikawafikia wasomaji wa mbali. Miongoni mwa waliopitia katika jarida hilo, wakiandika na hata kulihariri, ni Ngũgĩ wa Thiong'o.

Ni Ngũgĩ mwenyewe aliyeeleza baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni na lugha, jinsi mlango huo ulivyofanya kazi. Mwezi Juni 1962 ulifanyika Makerere mkutano wa waandishi wa Afrika waandikao kwa Kiingereza. Ngũgĩ, akiwa bado mwanafunzi, alistahili kualikwa kwa sababu ya hadithi fupi mbili zilizokwisha kuchapishwa, moja katika Penpoint na nyingine katika jarida la Transition. Shaaban Robert, ambaye tayari alikuwa na vitabu kadhaa vya ushairi na nathari kwa Kiswahili, hakustahili. Mshairi huyo alifariki dunia mwezi huo huo.

Tukio hili halipaswi kuchukuliwa kuwa lawama kwa mwanafunzi aliyealikwa. Linachoonyesha ni utaratibu. Hadithi moja katika jarida la chuo, kwa kuwa ilikuwa katika lugha iliyotakiwa, ilikuwa na uzito kuliko kazi ya maisha mazima katika lugha nyingine. Kwa mantiki hiyo, wanafunzi waliokaa kuhariri jarida walikuwa wakifanya jambo kubwa kuliko walivyodhani: walikuwa wakitoa vyeti vya uandishi.

3.0 Majina Mapya, Lugha ya Zamani

Baada ya uhuru majarida mengine yalifuata. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Darlite, lililoanza mwaka 1966; Nairobi kulikuwa na Nexus, lililoanza mwaka 1967. Kisha likatokea badiliko la kuvutia: Nexus likawa Busara, Darlite likawa Umma, na Penpoint likarithiwa na Dhana. Katika muda wa miaka michache tu, vyuo vitatu vilikuwa vimeyapa majarida yao majina ya Kiswahili.

Hata hivyo, jina lilibadilika upesi kuliko lugha. Kwa sehemu kubwa, maandishi yaliyomo yaliendelea kuwa ya Kiingereza. Sababu zake zinaeleweka. Majarida hayo yalilelewa na idara zilizofundisha fasihi kwa Kiingereza. Waandishi wake walisomeshwa kwa lugha hiyo. Na wasomaji waliokusudiwa walikuwa katika nchi tatu ambazo hazikuwa na uzoefu sawa wa Kiswahili. Kiswahili kilitoa kibao cha mlangoni, lakini ndani ya nyumba wenyeji waliendelea kuzungumza Kiingereza.

Haiwezi kusemwa kwamba vipaji vya Kiswahili havikuwako. Mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, aliyesoma katika chuo cha Dar es Salaam, ulichapishwa mwaka 1969. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya Ghuba ya Speke ukitazama kutoka Busega, alihitimu chuoni hapo mwaka 1970. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na diwani ya Kichomi, iliyozua mjadala mkali juu ya mashairi huru, ikatoka mwaka 1974. Mwaka 1970 ndipo pia Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa katika chuo hicho.

4.0 Cheche na Gharama ya Jina

Jarida la Cheche linatoa funzo la aina nyingine. Lilianza Novemba 1969 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likitolewa na umoja wa wanafunzi wanamapinduzi uliojulikana kama USARF pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Halikuwa jarida la fasihi bali la nadharia ya siasa. Lakini kazi ya kulitengeneza haikutofautiana na ile ya majarida ya fasihi. Kurasa zilipigwa taipu juu ya stensili, zikadurufiwa, zikapangwa na kubanwa kwa mikono.

Mwaka 1970 toleo maalumu la Cheche lilibeba uchambuzi mrefu wa Issa Shivji juu ya matabaka nchini Tanzania. Mwezi Novemba mwaka huo huo jarida na umoja ulioliunda vilipigwa marufuku. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba jina lake liliiga Iskra, gazeti la Lenin, ilhali Tanzania haikuhitaji itikadi ya kuazima. Baadaye likafuata jarida la MajiMaji, ambalo jina lake lilikumbusha vita vya 1905 hadi 1907. Hapa pia jina la Kiswahili lilibeba mzigo mzito, huku hoja zenyewe zikiandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mkulima na mfanyakazi waliotetewa katika kurasa hizo hawakuweza, kwa wingi wao, kuzisoma.

5.0 Mhariri na Mwenzake

Uhariri kati ya wanafunzi una sifa ambayo haimo katika usahihishaji wa mwalimu: mhariri hana alama za kutoa. Akitaka sentensi ibadilike, hana budi kumshawishi mwenzake, na kwa hiyo lazima ajue kueleza kwa nini. Katika ubishi wa namna hiyo lugha ya kuhakiki hukomaa. Jarida lisilo la Kiswahili huinyima lugha mashairi na hadithi, na pamoja na hayo huinyima mazoezi ya kuhojiana juu ya mashairi na hadithi.

Mfano ni suala la msamiati wa nyumbani. Mwandishi wa Nyashimo akitumia neno la Kisukuma katika hadithi ya Kiswahili, je, mhariri alifute? Historia inashauri tahadhari. Neno ikulu, ambalo leo hakuna Mtanzania anayeliona geni, lilitoka katika lugha za Kisukuma na Kinyamwezi. Neno kitivo, linalotumika katika vyuo vikuu nchini, nalo lilitoka katika lugha za jamii za milima ya kaskazini mashariki. Mhariri aliye mwepesi wa kufuta anaweza kukata mche ambao lugha ingeuhitaji kesho.

6.0 Hitimisho

Majarida yaliyojadiliwa yalifanya kazi kubwa kwa nyenzo duni, na heshima yake haipungui kwa kusema kwamba lugha yake iliwaacha wengi nje. Funzo lililobaki ni la utaratibu zaidi kuliko la majina. Jarida la wanafunzi huwa la Kiswahili pale ambapo miswada hupokelewa kwa Kiswahili, hubishaniwa kwa Kiswahili, na hurudishwa kwa mwandishi ikiwa na maelezo ya Kiswahili. Hapo ndipo mwanafunzi wa Nyashimo ataweza kuingia chumbani humo na insha yake mkononi, akakosolewa na wenzake, akajitetea, na pengine akashinda.