Vihami katika Waya za Mlingoti wa Redio

Mtoto wa Mikindani ajua tangu utotoni kwamba mlingoti wa jahazi hushikwa kwa kamba. Tuanzie hapo, ndipo tumfikishe kwenye mlingoti wa redio ya ridhaa, ambao aghalabu hushikwa kwa waya za chuma.

Waya hizo zina ila moja: nazo hunasa mawimbi. Wimbi la megahezi 7 lina urefu wa mita 43 hivi. Waya yenye karibu nusu ya urefu huo huliitikia kama pembea isukumwayo kwa wakati wake, ikapotosha mwelekeo wa mawimbi ya antena. Kwa hiyo hukatwa vipande vifupi zaidi, na kila kiungo hutiwa kihami cha kauri chenye umbo la yai.

Kihami hiki chastahili kipindi kizima. Kauri hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Hivyo waya ya kushoto hupita tundu la kulia, na ya kulia tundu la kushoto, vitanzi vikipishana. Kauri ikipasuka, vitanzi hunasana, na mlingoti hauwaangukii watoto. Wanafunzi wafinyange yai la udongo, walikaushe, walipitishie kamba mbili vivyo hivyo, wavute mpaka livunjike. (Tuliwahi kueleza jambo hili kwa mchoro wa ubaoni tu, hakuna aliyeelewa.)

Pwani yetu ya Mtwara ina shida yake: chumvi ya upepo wa bahari hutanda juu ya kauri, nayo ikilowa umande hupitisha umeme. Vihami vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na waya zikaguliwe kutu.