Njia ya Tonge: Vinara Kutoka Mdomoni Hadi Tumboni

Kumtemea mtu mate ni matusi karibu kila mahali. Kwa Wamaasai yanaweza kuwa baraka: mzee humtemea mtoto mchanga mate mepesi akimtakia heri. Elimu ya mwili iko upande wa mzee huyo. Bila mate tonge halilainiki, meno huoza upesi, na umio, ule mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni, hukosa wa kuusafisha tindikali inapopanda. Hawa hapa vinara wa njia hiyo. Wengi wanastahili kombe. Wa mwisho anastahili kuvuliwa taji.

Tezi kubwa kuliko zote, na tezi chapakazi

Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate, na nyingine ndogondogo kati ya 600 na 1,000 zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavu na kaakaa. Kinara wa ukubwa ni parotidi, iliyojibanza mbele ya sikio, yenye uzito wa gramu 15 hadi 30. Lakini mwili mkubwa si kazi kubwa. Wakati huli chochote, karibu theluthi mbili ya mate hutoka kwenye tezi za chini ya taya, ambazo kwa ukubwa ni kama nusu ya parotidi. Parotidi huamka unapoanza kutafuna. Hapo humwaga mate mepesi yenye kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ndiyo maana wali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa na utamu.

Bingwa wa lita

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu za mate kwa siku, na asilimia 99 ya hayo ni maji. Usijisifu mbele ya ng'ombe. Yeye hutoa zaidi ya lita 100 kwa siku, ndoo tano kubwa za maji. Anayahitaji: nyasi zinapochachuka tumboni mwake hutoa tindikali nyingi, na mate yaliyojaa bikaboneti huipoza. Kadiri anavyocheua ndivyo anavyomeza dawa yake mwenyewe. Mfugaji anayemlisha pumba na nafaka nyingi, majani kidogo, humnyima ng'ombe kucheua, kisha hushangaa tumbo linapovurugika.

Karakana ya mawe

Mawe hayakai kwenye figo na nyongo tu. Kati ya kila mawe kumi ya tezi za mate, manane au zaidi hupatikana kwenye tezi za chini ya taya, zile zile chapakazi. Mate yake ni mazito na yana kalsiamu nyingi, na mrija wake ni mrefu na hupanda juu, hivyo mate husafiri kinyume cha mteremko. Mawe mengi hayafiki sentimita moja. Likizidi milimita 15, madaktari huliita jitu. Dalili yake ni ya kipekee: taya huvimba na kuuma mara tu unapoanza kula, kisha hutulia baada ya mlo. Maji mengi, kukanda na kunyonya limau huweza kulitoa jiwe dogo. Likigoma, daktari hulitoa.

Udogo usioaminika

Uvimbe mwingi wa tezi za mate huota kwenye parotidi, na mwingi wa huo si saratani. Ukishuka kwenye tezi ndogo, mambo hugeuka: kadiri tezi inavyokuwa ndogo ndivyo uvimbe wake unavyokuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa saratani. Kwenye parotidi ni kama mmoja kati ya minne au mitano; kwenye zile tezi ndogondogo za kaakaa ni nusu au zaidi. Kinundu kisichouma kwenye kaakaa kisidharauliwe kwa sababu ni kidogo.

Chanjo iliyokimbia kuliko zote, kwa miaka 53

Mwaka 1963, msichana wa miaka mitano nchini Marekani, Jeryl Lynn, alimwamsha baba yake usiku akilalamika koo. Mashavu yalikuwa yamevimba: matubwitubwi, ugonjwa wa virusi unaovimbisha parotidi. Baba yake, Maurice Hilleman, alikuwa mtaalamu wa chanjo. Alimpangusa koo kwa pamba, akapeleka sampuli maabara, na kuvifuga virusi hivyo ndani ya mayai na seli za vifaranga hadi vikapoteza makali. Mwaka 1967 chanjo iliidhinishwa. Miaka minne tu! Hakuna chanjo iliyowahi kutoka maabara hadi kibali kwa kasi hiyo, mpaka chanjo za UVIKO-19 zilipovunja rekodi mwaka 2020. Virusi hivyo bado vinatumika kutengeneza chanjo, vikiitwa kwa jina la msichana huyo.

Umio mrefu na bomba linalopanda

Umio wa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi, na tonge huupita kwa sekunde nane hadi kumi. Haliporomoki lenyewe. Misuli huminya nyuma yake na kulegea mbele yake, ndiyo maana unaweza kumeza ukiwa umening'inia kichwa chini, na ndiyo maana mwanaanga John Glenn aliweza kula akiwa angani mwaka 1962.

Taji la wanyama wa nchi kavu ni la twiga: umio wake unakaribia mita mbili. Akiinama mtoni, maji hupanda mlima kwanza. Akicheua, ukitazama shingo kwa makini utaliona donge likipanda kurudi mdomoni, kisha likishuka tena.

Mpasuko wa kwanza kuandikwa

Mwaka 1723, Baron Jan van Wassenaer, amiri wa jeshi la majini la Uholanzi, alijilazimisha kutapika baada ya mlo mzito. Alihisi kitu kikipasuka kifuani, akafa kabla siku haijatimia. Daktari wake, Herman Boerhaave, alipoufungua mwili alisikia harufu ya nyama ya bata kifuani: umio ulikuwa umechanika. Maelezo yake ya mwaka 1724 yaliupa ugonjwa huo jina lake. Hadi leo ni miongoni mwa dharura mbaya kabisa za umio, na kila saa inayopotea kabla ya upasuaji hupunguza matumaini.

Taji la kuvuliwa

Rekodi hii ni ya kwetu. Kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, kuna ukanda ambao saratani ya umio huua watu wengi kupita kawaida, na Malawi imekuwa kwenye nafasi za juu kabisa duniani. Katika kaunti ya Bomet nchini Kenya, madaktari wamewahi kuwakuta wagonjwa ambao hawajafika miaka 30, umri ambao kwingineko ugonjwa huu ni nadra sana.

Tumbaku na pombe zina sehemu yake, lakini hazitoshi kueleza yote. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza kuwa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Lawama ni ya moto, si ya majani ya chai. Na watafiti waliopima chai mkoani Kilimanjaro waliwakuta watu wakianza kuinywa ikiwa na zaidi ya nyuzi 70 kwa wastani.

Ugonjwa wenyewe huja kwa hatua: kwanza nyama hukwama, kisha ugali, kisha uji, mwishowe hata maji. Wengi huenda hospitali wakiwa kwenye uji. Wewe nenda ukiwa bado kwenye nyama. Na kesho asubuhi, ukimiminiwa chai inayofuka moshi, iache kikombeni dakika tano. Sifa ya kunywa chai ya moto kuliko jirani haina kombe.