Mbuzi mzima akikutwa na kingamwili: vipimo viwili, majibu tofauti

Mbuzi na kondoo wanaotoka Somalia na mashariki mwa Ethiopia kwenda Uarabuni kupitia bandari ya Berbera hupitia karantini kwanza. Humo hutolewa damu, na ugonjwa unaoogopwa zaidi ni homa ya Bonde la Ufa. Saudi Arabia ilifunga soko lake mwaka 1998 kufuatia mlipuko wa 1997/98 nchini Kenya na Somalia, ikafunga tena Septemba 2000 ugonjwa ulipoingia huko na Yemen. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2009. Kwa mfugaji hiyo ni miaka tisa ya hasara.

Maabara mara nyingi haitafuti kirusi bali kingamwili, yaani kinga ambayo mwili wa mnyama hutengeneza baada ya kuambukizwa. Ziko za aina mbili. IgM hutokea siku chache baada ya maambukizi na kupotea baada ya wiki kadhaa. IgG hukaa miaka. Mnyama mwenye IgG peke yake huenda aliugua zamani au alichanjwa, wala si hatari kwa mnunuzi. Mwenye IgM ndiye mwenye kesi ya kujibu.

Kipimo cha Elisa ndicho cha haraka. Sahani moja ina vishimo 96, rangi ikibadilika mashine inasoma, na majibu hupatikana siku hiyo hiyo. Ila Elisa zenyewe hazifanani: ipo inayokamata kingamwili zote bila kubagua, na ipo ya IgM tu. Ni vyema mwenye mzigo aulize ni ipi iliyotumika kabla hajakubali kurudisha mifugo.

Kipimo cha pili huchanganya maji ya damu ya mnyama na kirusi hai, kisha huwekwa kwenye chembe hai. Chembe zisipokufa, kingamwili zimekizuia kirusi. Hiki ndicho kinachoaminiwa zaidi penye ubishi, lakini huchukua siku kadhaa na huhitaji maabara yenye ulinzi mkali, ambazo ni chache. Wakati huo malisho na maji ni juu ya mfanyabiashara.

Kwa chanjo zilizozoeleka, hakuna kati ya vipimo hivi kinachotenganisha mnyama aliyechanjwa na aliyeugua, hivyo cheti cha chanjo chenye tarehe kina uzito. Na mnyama aliyeambukizwa jana hana kingamwili bado: atapita vipimo vyote viwili, ndiyo maana majibu mazuri hayaondoi siku za karantini.