Pua Ikiziba, Zumari Hunyamaza

Mtu akipata mafua, swali la kwanza ni kama koo linauma. Mpiga zumari muulize pua. Wapigaji stadi wa Lamu na Pemba hawakati sauti ili wavute pumzi. Hujaza hewa mashavuni, na wakati mashavu yanaisukuma kwenye zumari, pua inavuta hewa mpya kwenda mapafuni. Ngoma inaendelea, zumari halikatiki. Pua ikijaa kamasi, mzunguko huo unakufa palepale, hata kama mapafu ni mazima kabisa. Mwenye mafua ya siku mbili apumzike, au akubali kupiga vipande vifupi vifupi.

Mpiga tarumbeta au saksafoni ana nafuu, kwani yeye huvuta pumzi kwa mdomo. Taabu yake iko masikioni. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaopanda hadi sikio la kati, na mafua huuvimbisha. Hapo mtu huanza kujisikia kwa ndani, kama anapigia kwenye pipa, huku wenzake akiwasikia kwa mbali. Huona kama sauti yake haitoki, naye huzidisha nguvu, na bendi nzima inamgeukia. Siku kama hiyo amwamini jirani yake kuliko masikio yake mwenyewe, na zile nota za juu za tarumbeta, zinazotaka shinikizo kubwa mdomoni, aziache. Sikio likianza kuuma, mazoezi yameisha. Mwenye homa au kikohozi cha kifuani asiguse ala kabisa.

Wengi hukimbilia dawa ya Piriton. Inakausha kamasi kweli, lakini inakausha na mdomo, nayo inaleta usingizi. Ridi, yaani ulimi wa saksafoni unaotetema, ikiwa kavu hutoa mlio wa panya. Kwa aleji, setirizini au loratadini huleta usingizi mdogo zaidi. Yoyote utakayochagua, ijaribu siku ya mazoezi, si saa moja kabla ya harusi. Matone ya kufungua pua, kama yale ya oksimetazolini, ni msaada wa siku chache tu. Ukipitisha siku tano hivi, pua huanza kuvimba kwa sababu ya dawa yenyewe, na wenye shinikizo la damu wamwone daktari kwanza. Mimi huanza na maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, ya kusafishia pua. Ni njia rahisi mno kiasi kwamba watu huidharau.

Mafua ya kawaida huondoka kwa wiki moja au mbili. Ukiwashwa pua na macho, ukapiga chafya mfululizo bila homa, na hali ikarudi kila unapofungua mkoba wa ala, hiyo ni aleji. Anza kwa kusafisha vumbi na ukungu ulio ndani ya mkoba. Kikohozi kisichoisha nacho kinataka uchunguzi. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza walieleza habari za mpiga zumari la mfuko, lile la Waskoti, ambaye mapafu yake yaliharibika. Alipokwenda Australia miezi mitatu bila ala yake alipata nafuu, na ndani ya ala hiyo zilipatikana aina kadhaa za kuvu.

Yale maji yanayomwagwa kutoka kwenye tarumbeta ni mvuke wa pumzi uliopoa, pamoja na mate kidogo. Yakilala humo usiku kucha, vijidudu vinapata makao. Kipande cha mdomoni kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kila baada ya kupiga, hasa katika bendi za shule ambako tarumbeta moja huhudumia watoto watatu na kinachopita kati yao ni kitambaa kilekile. Mtoto mwenye mafua asipokezane ala na wenzake. Ridi iliyopigwa wakati wa ugonjwa, na ile iliyoanza kuota madoa meusi, itupwe.