Shujaa na Hirizi Yake: Kuumba Wahusika na Kuchagua Vitu vya Ajabu katika Mchezo wa Uhusika

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wahusika wanavyoumbwa, na jinsi vitu vya ajabu vinavyochaguliwa, katika mchezo wa uhusika ambao ndani yake nguvu za ajabu ni haba. Mchezo wa uhusika ni hadithi inayotungwa papo kwa papo na watu walioizunguka meza moja. Mmoja wao ni mtambaji: yeye hueleza nchi, hali ya hewa, maadui na matokeo ya kila tendo. Kila mmoja wa wale wengine huchukua nafsi ya mhusika mmoja na kusema anachotenda. Pale ambapo matokeo yana mashaka, dadu hutupwa ili kukata shauri.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax (1938–2008) na Dave Arneson (1947–2009). Asili yake ni michezo ya vita iliyochezwa kwa sanamu ndogo za askari. Badiliko kubwa lililoletwa ni kwamba mchezaji hakuongoza tena jeshi zima, bali mtu mmoja mwenye jina lake. Kwa badiliko hilo, mchezo ulitoka katika hesabu za vita ukaingia katika uwanja wa utambaji. Kwa sababu hiyo unawahusu wanafunzi wa fasihi simulizi, ambao tangu zamani wamezoea kuuliza shujaa ni nani na nguvu zake zinatoka wapi.

2. Maana ya uhaba

Katika michezo mingi ya jamii hii, vitu vya ajabu ni vingi kama bidhaa sokoni: panga zinazowaka, viatu vya kupaa, taa zisizozimika. Katika mchezo wa uhaba, mambo ni kinyume. Watu wengi wa nchi ile hawajawahi kukiona kitu cha ajabu kwa macho yao. Wamesikia habari zake tu. Chimbuko moja la mtindo huu ni hadithi za Conan, alizoanza kuzichapisha Mmarekani Robert E. Howard mwaka 1932, ambamo shujaa hutegemea upanga na akili yake, ilhali wenye elimu ya siri ni watu wa kuogopwa. Mfano mwingine ni mchezo wa Pendragon, uliotungwa na Greg Stafford na kutolewa mwaka 1985, unaohusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Humo wachezaji walikuwa wapanda farasi wa kifalme tu, na nguvu za ajabu ziliachwa mikononi mwa mtambaji.

Faida ya uhaba huu inaeleweka kwa urahisi. Kila kitu cha ajabu huondoa swali moja katika hadithi. Msafiri mwenye taa isiyozimika hana tena haja ya kuuliza mafuta yatatosha siku ngapi. Mwenye viatu vya kupaa hahitaji mtumbwi, wala mwenye mtumbwi, wala maneno matamu ya kumwomba avushwe. Maswali yakiisha, hadithi nayo imekwisha. Basi mtambaji anayekusudia kumpa mchezaji kitu fulani ajiulize kwanza ni swali gani atakalolipoteza, na kama yuko tayari kulipoteza.

3. Suala la istilahi

Anayetaka kuucheza mchezo huu kwa Kiswahili hukutana mara moja na tatizo la maneno. Neno linalokuja upesi kinywani ni uchawi. Lakini uchawi, ambao sehemu nyingi za Kongo huitwa ulozi au bulozi, ni kudhuru watu kwa siri. Si neno la kutajwa kwa mzaha. Katika nchi ambamo watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kudaiwa kuwa walozi, hata Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 41, ikakataza kuwatuhumu watoto kwa jambo hilo, si vema mwalimu amwambie mwanafunzi mbele ya wenzake kwamba «wewe ni mchawi», hata kama ni mchezo.

Neno uganga lina heri zaidi, kwa kuwa mganga huponya na kukinga. Hata hivyo, katika Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu, munganga ni daktari wa hospitali, na msikilizaji anaweza kupotea. Mazingaombwe nayo ni kiinimacho, yaani kuwadanganya watazamaji, na muujiza ni neno la dini. Kwa hiyo ni afadhali kuacha neno moja la jumla na kutumia majina ya vitu vyenyewe, ambayo Kiswahili kinayo kwa wingi: hirizi, inayovaliwa mwilini, kago, linalokinga shamba au nyumba, fingo, linalofukiwa ardhini, na dawa, ambayo hunywewa, hupakwa au huchanjwa. Kila jina tayari limebeba namna ya kukitumia kitu na mahali pake. Pale jina la jumla linapohitajika, «vitu vya ajabu» linatosha.

4. Kuumba mhusika

Katika kanuni za mwaka 1974, mhusika huanza na sifa sita: nguvu, akili, busara, wepesi, ustahimilivu na haiba. Kwa kila sifa, dadu tatu za pande sita hutupwa na kujumlishwa. Jumla haipungui 3 wala haizidi 18. Zipo njia 216 za dadu hizo kuanguka, na moja tu kati yake huleta 18. Kinyume chake, njia 54, yaani robo nzima, huleta 10 au 11. Hesabu hii ina maana kwa fasihi: wengi wa wahusika watakuwa watu wa kawaida, wenye kipaji kimoja na udhaifu mmoja au miwili. Matoleo ya baadaye yalilegeza jambo hili, mathalani kwa kutupa dadu nne na kuiacha iliyo ndogo kuliko zote. Kwa mchezo wa uhaba, dadu tatu zinafaa zaidi.

Pendragon uliongeza jambo lenye uzito mkubwa zaidi, nalo ni tabia. Humo tabia zimepangwa jozi kwa jozi, jozi 13 kwa jumla, kama vile ukarimu na uchoyo, au ushujaa na woga. Jumla ya kila jozi ni 20, hata mwenye ukarimu 14 ana uchoyo 6. Ukarimu ukipanda, uchoyo hushuka. Dadu huweza kuulizwa si kama mhusika anaweza kutenda jambo, bali kama moyo wake unamruhusu.

Tuseme mchezaji ametupa dadu akapata nguvu 9, akili 10, busara 14, wepesi 13, ustahimilivu 12 na haiba 7. Huyu si mpiganaji wala msemaji. Anaweza kuwa mvuvi aliyezoea kulisoma ziwa. Kabla ya kumpa silaha yoyote, mchezaji ajibu maswali manne: Ni wa ukoo gani, na nani atamlilia akifa? Anajua kazi gani ya mikono? Anadaiwa nini, na nani? Ana mwiko gani? Tuseme mvuvi huyu anadaiwa mtumbwi na mjomba wake, na mwiko wake ni kutokula samaki wa kwanza wa siku. Mtambaji hana tena haja ya kutafuta kisa. Deni la mtumbwi limekwisha kukianzisha.

5. Kuchagua vitu vya ajabu

Mfano ulio bora hautoki Marekani. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, shujaa anazaliwa na vitu vichache tu: usinga uitwao konga, shoka, na mfuko mdogo wenye kamba ndefu. Anaposhuka kuzimu, Mwindo anamwachia shangazi yake Iyangura ncha moja ya kamba, ili ikiacha kutikisika ajue kwamba mwana amekufa. Kamba hiyo haiui wala haiponyi. Kazi yake ni kuwaunganisha watu wawili, na kwa hiyo msikilizaji haisahau.

Upande wa pwani, Liyongo Fumo anafundisha somo la pili. Mwili wake haudhuriki kwa silaha, isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Na anayeijua siri hiyo na kuitumia ni mwanawe mwenyewe. Nguvu isiyo na mlango wa kushindwa haina hadithi.

Somo la tatu ni la bei. Wapiganaji wa Simba, walioiteka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, mwezi wa Agosti 1964, waliamini kwamba dawa ingezigeuza risasi kuwa maji, almradi miiko yake ishikwe. Imani kama hiyo ilikuwapo katika vita vya Maji Maji huko Tanganyika, kuanzia mwaka 1905. Watu wengi walikufa katika vita hivyo viwili, na aliyeanguka aliweza kusemwa kwamba alivunja mwiko. Jambo hili halifai kugeuzwa burudani. Lakini linaonyesha kwamba, katika fikra za watu, kinga haikutolewa bure kamwe: yule aliyekingwa alifungwa pia.

Kutokana na mifano hii, kanuni nne zaweza kupendekezwa. Kwanza, kila mhusika awe na kitu kimoja, wala si zaidi. Hata toleo la mwaka 2014 la Dungeons & Dragons, lililo karimu sana, liliweka mpaka wa vitu vitatu kwa vile vinavyohitaji kufungamana na mwenyewe. Pili, kitu kiwe na historia: nani alikitengeneza, nani alikirithi, nani anakidai. Tatu, kiwe na mwiko au kiishe kwa matumizi. Nne, kisaidie bila kushinda badala ya mtu.

Kanuni ya nne inapimika kwa hesabu. Tuseme mvuvi anahitaji 14 au zaidi katika dadu ya pande 20 ili kumpiga adui. Ana pande 7 za kumfaa. Mkuki unaoongeza 1 humpa pande 8, na unaoongeza 3 humpa pande 10, yaani nusu kamili. Nyongeza ya 1 humpa tumaini. Nyongeza ya 3 huanza kuifanya busara yake isiwe na kazi. Kwa mvuvi huyu hirizi ya babu ingefaa kuliko mkuki wowote: huwa baridi kifuani dhoruba inapokaribia, nayo hunyamaza mwezi mzima akila samaki wa kwanza. Inamwonya, lakini haimpigii makasia. Na siku atakapokuwa na njaa mbele ya samaki huyo, wachezaji wote watanyamaza kusikiliza.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba kuumba mhusika na kumchagulia kitu cha ajabu ni kazi moja. Sifa huonyesha mtu anaweza nini, tabia na deni huonyesha anataka nini, na kitu cha ajabu humtia majaribuni kati ya hayo mawili. Mchezo wenyewe ulizaliwa mbali, lakini maswali yake si mageni kwa watambaji wa Kivu wala wa pwani. Darasani, mwalimu mwenye dadu tatu na saa mbili anaweza kuwafanya wanafunzi wazungumze Kiswahili bila kusoma karatasini, wabishane juu ya tofauti ya kago na hirizi, na watambue kwa kujaribu wenyewe kwa nini Mwindo alipewa kamba.