Timu ya Chuo ya Zamani na ya Leo: Ipi Utaimudu kwa Elfu Ishirini na Nne?

Mashindano ya vyuo yakikaribia, makapteni wengi wa mpira wa kikapu nje ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Likoni mpaka Kisauni na Changamwe, hubaki na hesabu ya aina moja mkononi. Wachezaji 12, mchango wa shilingi 2,000 kila mmoja, jumla 24,000. Hapo ndipo ubishi huanza. Waliomaliza chuo miaka mingi iliyopita watakwambia walishinda kwa raba za turubai na mpira mmoja. Waliopo chuoni watakuonyesha kwenye simu picha za timu za vyuo vya Marekani na kutaka vivyo hivyo.

Usiwasikilize wote kwa pamoja. Timu ya zamani ilikuwa rahisi kwa sababu moja: ilinunua vitu vya timu. Ya leo hununua vitu vya mtu, na vya mtu huondoka na mtu. Yako maeneo ambako zamani ilipata na yako ambako ilikosea, nami nitayataja yote. Bei nitakazoweka ni za kupangia bajeti. Hupishana duka na duka, kwa hiyo uliza sehemu tatu kabla ya kutoa pesa.

Tuanze na jezi, maana ndizo zinazomaliza mchango.

Kwa miaka mingi sheria za FIBA, shirikisho la mchezo huu duniani, zilitaka namba kuanzia 4 hadi 15. Namba 12, wachezaji 12. Seti ilinunuliwa mara moja ikafungiwa stoo. Aliyemaliza masomo akirudisha namba 9, anayeingia mwaka wa kwanza anaivaa. Mwaka 2014 sheria ikalegezwa: sasa 0, 00 na 1 mpaka 99 zote ruksa. Waliofurahi zaidi ni wachapaji. Kijana wa leo anataka 23 au 77, na jina lake mgongoni. Akienda attachment au akihama chuo, jezi ile imebaki na jina la mtu asiyekuwepo, na anayemrithi hataki kuivaa.

Hesabu yake ni hii. Jezi na kaptula zilizochapwa rangi ndani ya kitambaa chenyewe, panga kama 1,800 kwa seti ya mtu mmoja. Sheria inataka timu iwe na rangi mbili, nyepesi na nzito, kwa hiyo ni seti 24: shilingi 43,200. Mchango wako umeshazidiwa karibu mara mbili na hujagusa mpira.

Dawa ni jezi za pande mbili, nyeupe huku na rangi ya chuo kule, zenye namba 4 hadi 15 na bila majina. Weka 1,100 kwa kila mmoja pamoja na kaptula, jumla 13,200. Zina kasoro, nisikufiche: kitambaa ni cha tabaka mbili, na kwa joto la Machi hapa pwani mchezaji ataliona tofauti. Tena waulize waandalizi mapema kama wanazikubali, maana wako wanaoshikilia seti mbili kamili. Lakini kwa mashindano ya vyuo ya kawaida, ndiyo pesa iliyotumika vizuri.

Kitambaa chenyewe, hapo zamani isikudanganye. Fulana za pamba hunywa jasho zikawa nzito kufikia robo ya pili, na kwa unyevu wetu hazikauki usiku mmoja. Chukua poliesta yenye matundu. Jioni unafua, asubuhi unavaa. Angalia namba imechapwaje: ile ya kubandikwa kwa pasi huanza kumenyuka baada ya kufuliwa mara kadhaa, hasa ikianikwa juani. Iliyoingia ndani ya kitambaa inadumu na haipishani nayo sana kwa bei. Ikiwa lazima ubandike, basi fueni kwa maji baridi, jezi ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Kabla ya kulipa, muulize fundi maswali manne. Mchoro wa nembo unalipiwa kando? Jina linaongeza kiasi gani kwa kila jezi? Oda ndogo kabisa ni ngapi? Zikichapwa Nairobi, nauli ya parseli ni ya nani? Swali la tatu wengi hulisahau. Jezi moja ikipotea katikati ya msimu, fundi anayechapa kuanzia sita atakuuzia sita. Agiza 14 tangu mwanzo ikiwezekana, mbili zikae stoo.

Na jambo moja kando. Jina la chuo kifuani si la kudumu kama unavyodhani. Chuo kile cha Tudor kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu ya MIOME, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, kikageuka chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na tangu 2013 ni Technical University of Mombasa. Mombasa Technical Training Institute nayo siku hizi ni Kenya Coast National Polytechnic. Kila jina jipya ni jezi mpya. Chapisha jina la utani la timu, au la mtaa, na umeepuka gharama ambayo itaamuliwa ofisini bila wewe kuulizwa.

Sasa mpira. Zamani chuo kilikuwa na mpira mmoja wa ngozi uliotolewa siku ya mechi, na wa raba wa mazoezi. Busara ile bado inafaa, isipokuwa wa ngozi usinunue kabisa. Ngozi imetengenezewa sakafu ya mbao chini ya paa. Kwa uwanja wa saruji, mpira huo utakwanguka kabla muhula haujaisha. Wa ngozi ya kuigiza ni wa kati, panga 3,500 kwenda juu, na unashikika vizuri zaidi mikononi. Ila nao saruji huula. Wa raba nene, karibu 2,000, ndio wa kwako. Ule wa 900 unaouzwa umefungwa kwenye wavu mdogo wa plastiki uache. Hupoteza umbo la duara, na mchezaji anayezoea mpira uliovimba upande mmoja atajifunza makosa.

Jaribio la dukani: ujaze upepo, uuache udondoke kutoka urefu wa kichwa chako. Ukirudi kati ya kiuno na kifua, sawa. Uzungushe hewani pia. Ukiyumba, rudisha.

Hapa timu ya leo ina gharama halali ambayo ya zamani haikuwa nayo. Wanawake walikuwa wakicheza na mpira uleule wa wanaume, namba 7. FIBA iliwapa namba 6 mwaka 2004, na vyuo vya Marekani vilitangulia tangu 1984. Chuo chenye timu zote mbili kinunue mmoja wa kila namba, si miwili ya namba 7 na dada zetu waambiwe wavumilie. Miwili kwa 2,000 ni 4,000.

Viatu visiguse mchango. Kila mchezaji ajinunulie, kwa sababu kiatu hakirithiki. Lakini kapteni awape ushauri, la sivyo nusu ya timu itaibiwa.

Raba za turubai za zamani bado ziko madukani, na ni rahisi, zinapitisha hewa na soli zake ni ngumu kuisha. Tatizo ni kwamba ni bapa. Hazina kinga ya kisigino, na juu ya saruji goti ndilo linalolipa deni. Mchezo pia umeongezeka kasi: tangu mwaka 2000 timu ina sekunde 24 za kushambulia, ambapo awali zilikuwa 30. Kukimbia na kuruka kumezidi. Turubai iwe ya mazoezi mepesi tu, au ya anayeanza.

Chaguo la pili ni viatu vipya vya kuigiza, feki kwa jina lake halisi, vya 2,500 hadi 4,000. Vinang'aa, na ndivyo vibaya kuliko vyote. Povu lake ni gumu kama ubao na gundi inaachia kwenye jua. Kwa pesa hiyohiyo nenda soko la mitumba la Kongowea.

Mitumba ndiyo inayompa mchezaji wa pesa kidogo kiatu halisi, 1,500 mpaka 3,000. Fika mapema siku robota linapofunguliwa, upate kamera, yaani vile bora, kabla wenye maduka hawajachagua, maana ukichelewa utapewa fagia, yaani mabaki, kwa bei ya kamera. Usitazame juu, geuza chini. Soli iwe na mistari iliyo hai chini ya kidole gumba. Kisha bonyeza povu la pembeni kwa kidole. Likiwa na mikunjo mingi midogo na halirudi, kiatu kimezeeka hata kama kinaonekana kipya, na kinaweza kufunua mdomo wiki ya kwanza. Kikunje mbele ya muuzaji, usione haya. Halafu ongeza gharama iliyojificha: fundi wa kushona soli kuzunguka, kama 200 hadi 300. Ifanye kabla kiatu hakijafunuka. Ni bima.

Soksi pia. John Wooden, kocha wa UCLA aliyetwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975, alianza msimu kwa kuwafundisha wachezaji kuvaa soksi bila mikunjo na kufunga kamba za viatu. Alijua lengelenge moja linamtoa mtu uwanjani. Jozi mbili nene za pamba ni nafuu kuliko ule mkono wa kitambaa wa kuvaa kwenye kiwiko, ambao kazi yake kubwa ni picha.

Na kwa kuwa tumefika Marekani, wajue vijana wanachokiiga kinalipiwa na nani. Enzi za UCLA ile, mpaka 1972, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa hata kuchezea timu kubwa. Mchezaji alikaa chuoni, timu ikajengeka. Leo kuna mfumo wa kuhama vyuo ulioanzishwa 2018, tangu 2021 mchezaji anaweza kuuza jina na sura yake kwa matangazo, na kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 chuo kimoja kimeruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5. Fedha hizo hutoka kwenye televisheni, tiketi na wafadhili. Zako zinatoka kwa mama anayeuza mahamri Mtongwe.

Uwanja. Viwanja vingi vya nje vilichorwa zamani na havijaguswa. FIBA iliweka mstari wa pointi tatu mwaka 1984, mita 6.25 kutoka kikapuni, na mwaka 2010 ikausogeza hadi 6.75. Eneo la chini ya kikapu nalo likaacha umbo la kupanuka chini, likawa mstatili. Ukifanya mazoezi kwenye mistari ya zamani, unajizoesha kurusha nusu mita karibu zaidi ya utakapocheza. Pima kwa kamba, nunua kopo la rangi ya barabara na brashi, pakeni wenyewe. Tenga 1,500. Ongeza nyavu mbili za nailoni, 1,000, maana chumvi ya hewani na jua huzila haraka. Jumla 2,500, na haihitaji kamati.

Kukodi ukumbi wenye paa ni raha, ila uliza kama taa zimo ndani ya bei na kama saa inahesabiwa tangu mlipoweka nafasi au mlipoingia. Kwa bajeti hii, kodi mara moja tu, karibu na mechi, macho yazoee ubao wa ndani.

Usafiri ndio unaokula timu kimyakimya. Timu ya Likoni inayokwenda kucheza kisiwani isikodi matatu ya kuvuka nayo. Anayetembea kwa miguu hapandi feri kwa pesa, gari linalipa, na mwenye gari atakutoza pia muda wa foleni. Vukeni kwa miguu, chukueni matatu ya kawaida ng'ambo. Kati ya Changamwe na Likoni ipo barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri, ila ni ndefu, na mafuta utayakuta kwenye bei. Ukikodi, elewana na dereva bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja. "Kungoja" ndilo neno linaloletwa saa mbili usiku.

Hata kukusanya mchango kuna makato. Kwa viwango vya M-Pesa ninapoandika, kutuma 2,000 kwa mkupuo mmoja hukatwa 33, lakini ukituma 1,000 mara mbili ni 13 na 13, yaani 26. Mweka hazina akitoa 24,000 kwa wakala anakatwa 197. Kwa watu 12 wanaotuma kwa mkupuo, ada zote hufika 593, zaidi ya bei ya wavu mmoja. Pesa zisitolewe. Mlipe fundi na duka kwa namba ya till, mlipaji hakatwi, na ujumbe unaobaki kwenye simu ndio risiti ya kuwaonyesha wenzako.

Jezi 13,200, mipira 4,000, uwanja 2,500: ni 19,700. Zinabaki 4,300 za ukumbi, nauli, maji na barafu ya vifundo. Ukitaka jezi mbili za akiba, toa 2,200 humo na muende mechi za karibu kwa miguu.

Wakichanga nusu tu, jambo ambalo hutokea, usipunguze kila kitu kidogokidogo. Anza na mipira na rangi ya uwanja, nunua fulana 12 za rangi moja zenye namba, na uwaombe waliomaliza chuo, wale wale wanaosifia enzi zao, wafungue makabati yao. Jezi za 4 hadi 15 ambazo hazikurudishwa stoo bado zimo.